Sura ya Sita: Okestra Ndani ya Bedsita

Vijana wanaotengeneza muziki nyumbani kule Eastlands ya Nairobi, katika mitaa ya Umoja, Kayole, Dandora na Kariobangi, wana swali moja, na huliuliza kwa uchungu. Nimepakua okestra nzima. Violini hizi zilirekodiwa London na watu ambao kupiga violini ndiyo kazi yao. Mbona nikizipiga mimi zinatoka kama kinanda cha kanisani?

Swali ni la haki na jibu lake lipo. Sauti ulizopakua ni za kweli. Kila noti ilipigwa na mtu aliyeshika upinde. Kilichobaki nyuma ni mambo ambayo mtu huyo huyafanya bila hata kuyafikiria: kugeuza upinde, kumsikiliza aliyeketi kando yake, kuiongezea noti nguvu katikati na kuilegeza mwishoni. Programu haiyafanyi hayo kwa niaba yako. Inakungoja uyafanye wewe.

Sura hii inaeleza namna ya kuyafanya ukiwa na laptopu ya mtumba, chumba kimoja na majirani wengi. Inashikilia pia hoja ninayoiamini sana: maarifa ya okestra ambayo wengi wanadhani yako Vienna na London, nusu yake iko Eastlands tayari, kwenye mabenchi ya kwaya.

## Sampuli ni nini hasa

Sampuli ni rekodi ya sauti moja iliyohifadhiwa ili ipigwe tena kwa kubonyeza kibodi. Mtu wa violini anapiga noti ya A, sauti inarekodiwa, kisha inapewa kitufe cha A. Ukibonyeza, unaisikia. Mkusanyiko mkubwa wa rekodi kama hizo huitwa maktaba ya sampuli, na programu inayozicheza huitwa sampla.

Kibodi yenyewe haina sauti. Inatuma ujumbe tu, kwa lugha ya mashine iitwayo midi ambayo imetumika tangu 1983: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, kikaachiliwa wakati fulani. Nguvu hiyo ya mguso hupimwa kwa hesabu inayoishia 127. Ukigusa taratibu, sampla inachagua rekodi iliyopigwa taratibu. Ukigonga kwa nguvu, inachagua iliyopigwa kwa nguvu. Kwa hiyo noti moja ina rekodi kadhaa nyuma yake.

Tufanye hesabu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini maktaba hizi humaliza bando. Chukua kundi la violini lenye noti 40. Kila noti irekodiwe kwa ngazi 4 za nguvu, na kwa mitindo 5 ya kupiga: ndefu, fupi, ya kudonoa kwa kidole, ya kutetemesha upinde, na ya kuunganisha noti na noti. Hizo ni rekodi 800. Kila moja ikichukua sekunde 10, kwa ubora wa kawaida wa studio, utapata zaidi ya gigabaiti 2 kwa violini peke yake. Rekodi hizo hizo zichukuliwe na maikrofoni za karibu, za katikati na za mbali, unakaribia gigabaiti 7, na bado hujagusa chelo wala tarumbeta.

Ndiyo maana toleo kubwa la maktaba ya BBC Symphony Orchestra, iliyotengenezwa na kampuni ya Spitfire Audio na kurekodiwa katika studio za Maida Vale, London, linahitaji mamia ya gigabaiti. Lakini toleo dogo la maktaba hiyo, lililotoka 2020 kwa jina la Discover, lina takriban megabaiti 200, na ala zimo zote, kuanzia filimbi ndogo hadi ngoma kubwa. Tofauti ni kwamba ngazi za nguvu na mitindo ya kupiga imepunguzwa. Kwa mtu anayeanza, punguzo hilo ni baraka. Ukiwa na mitindo michache utajifunza kuitumia yote.

## Wazo la zamani kuliko laptopu

Mellotron, kinanda kilichotengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia 1963, kilikuwa na utepe wa sumaku chini ya kila kitufe, na kila utepe ulicheza kwa sekunde 8 hivi kisha ukaisha. Mwaka 1979 Waaustralia Peter Vogel na Kim Ryrie wakatoa Fairlight, mashine iliyohifadhi sauti kidijitali. Katika diski zake ulikuwamo mshindo mmoja wa okestra uliochukuliwa kutoka *The Firebird* ya Igor Stravinsky, kazi ya 1910. Mwaka 1982 mshindo huo ukasikika katika *Planet Rock* ya Afrika Bambaataa, kijana wa Bronx, New York. Kuanzia hapo okestra ikawa mali ya watengeneza biti pia, na mlango huo haujafungwa.

Mwaka 2000 mpiga chelo wa Austria, Herb Tucmandl, alianzisha Vienna Symphonic Library kwa lengo la kurekodi okestra ala kwa ala, noti kwa noti. Aliyejua ni kiasi gani cha sauti kinapotea sampuli zikirekodiwa ovyo alikuwa mpigaji, na hilo halikutokea kwa bahati.

Eastlands nayo haikuwa imelala. Kalamashaka walitoka Dandora katika miaka ya 1990 wakafanya Kiswahili na Sheng kuwa lugha ya rap nchini. K-South walitoka Kariobangi South. Katika mtaa wa California, karibu na Eastleigh, prodyuza Clemo na studio yake ya Calif Records walizaa mtindo wa genge wakiwa na Nonini na Jua Cali. Mwaka 2018 Ethic wa Umoja walitoa *Lamba Lolo*, na muziki wa gengetone ukaenea. Nyimbo nyingi katika mkondo huo zilitengenezwa kwa vifaa vichache na vyumba vidogo. Kijana wa leo anayetaka kuweka chelo chini ya sauti ya rapa anaendeleza ukoo huo huo wa kazi.

## Kwa nini sampuli zinaifaa Eastlands

Watu husema ni bei. Ni kweli, kukodi watu 80 pamoja na ukumbi hakumo katika mfuko wa yeyote ninayemjua. Lakini nadhani sababu kubwa zaidi ni kelele.

Jaribu kurekodi violini ndani ya nyumba iliyo karibu na Outer Ring Road. Maikrofoni itachukua honi ya matatu, mama anayeita mtoto ghorofa ya tatu, jenereta, muadhini, krusedi, na spika ya kinyozi. Ala laini ya nyuzi haina nguvu ya kuzima hayo yote. Sampuli zinakuja na kimya chake: zimerekodiwa katika chumba ambacho mtu alilipa ili kiwe kimya. Unaweza kuzipanga saa saba mchana, ukiwa na hedifoni, mtaa mzima ukiwa macho, na zikatoka safi.

Kimya hicho cha kuazima ndicho kimewawezesha watu wa mitaani kuandika muziki wa filamu za Riverwood, matangazo, nyimbo za injili na utangulizi wa video za harusi bila kuondoka mtaani.

## Mashine inayotosha

Hapa nitapita haraka. Laptopu ya mtumba kutoka maduka ya Moi Avenue au Luthuli Avenue inatosha ikiwa na RAM ya gigabaiti 8 na diski ya aina ya SSD. SSD ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sampla hupakia mwanzo tu wa kila rekodi kwenye RAM, na sehemu iliyobaki huivuta kutoka diskini wakati noti inapigwa. Diski ya zamani inayozunguka itachelewa, na sauti itakatika katikati ya wimbo.

Mengine ya kujua kabla ya kutumia pesa:

- Programu ya kupangia muziki: FL Studio, iliyoanza Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina FruityLoops, ndiyo wengi wanaijua. Reaper ni nyepesi na leseni yake ya nyumbani ni dola 60. LMMS ni ya bure.
- Maktaba za kuanzia: BBC Symphony Orchestra Discover; VSCO 2 Community Edition ya Versilian Studios, ambayo ni ya bure na haina masharti ya matumizi; na Sonatina ya Msweden Mattias Westlund, ya zamani kidogo lakini bado ina kazi.
- Kibodi ya midi yenye vitufe 25 inafaa, mradi iwe na gurudumu la modulesheni, yaani lile gurudumu dogo la kushoto linalopanda na kushuka. Utaelewa baadaye kwa nini nalisisitizia.
- Hedifoni za kufunika masikio. Spika nzuri zitangoja.

Mashine ikilemewa, geuza traki iliyokamilika iwe faili la sauti, kisha zima sampla yake. Unaweza kuendelea hivyo hadi okestra yote ikae kwenye laptopu ya kawaida. Na kwa kuwa stima ya mitaa yetu hupotea bila kuaga, iweke programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache.

## Mwanakwaya ana nusu ya kazi mkononi

Sasa tufike kwenye kiini.

Anayejifunza muziki kwa kinanda pekee hushika akodi, yaani noti tatu au nne zinazopigwa pamoja, kwa vidole vilivyobanana. Akiipeleka akodi hiyo kwenye violini, zote zinalia zikiwa zimerundikana mahali pamoja. Hiyo ndiyo sauti ya kinanda cha kanisani ambayo kila mtu analalamikia. Okestra haina mkono mmoja wenye vidole vitano. Ina makundi ya watu, kila kundi na mstari wake, na kila mstari unafaa kuimbika.

Mwanakwaya anajua hili kuliko wahitimu wengi wa mtandaoni. Katika parokia za Eastlands, katika vikundi vya Waadventista vinavyoimba bila ala, na katika kwaya za shule zinazoenda Kenya Music Festival, tamasha lililoanza 1927, watoto hujifunza kwa tonik solfa: do, re, mi zilizoandikwa kwenye karatasi, sauti nne, kila mtu akishika yake. Mwenye sauti ya alto anajua kwamba mstari wake hauruki ovyo. Mwenye sauti ya tena anajua akienda juu sana ataikaba soprano. Besi anajua kwamba akitetereka, wote wanaanguka.

Hamisha maarifa hayo kama yalivyo:

- Soprano iwe violini ya kwanza.
- Alto iwe violini ya pili.
- Tena iwe viola, ala inayofanana na violini lakini kubwa kidogo na nzito zaidi kwa sauti.
- Besi iwe chelo, na besi kubwa, ile inayopigwa mtu akiwa amesimama, ifuate mstari huo huo oktava moja chini.

Tuseme wimbo uko kwenye ufunguo wa F na akodi ni do, mi, so. Kwenye kinanda ungebonyeza F, A na C zikiwa jirani. Kwenye nyuzi, ipe besi kubwa na chelo F zao za chini. Viola ishike C ya kati. Violini ya pili ishike A iliyo juu ya hiyo, na violini ya kwanza F ya juu zaidi. Noti ni zile zile tatu, lakini sasa kuna hewa kati yao, na hewa ndiyo inayofanya okestra isikike kubwa. Noti za chini zikae mbalimbali, za juu zinaweza kukaribiana. Ukifanya kinyume, chini kutakuwa na tope.

Kisha sogeza kila sauti hatua fupi iwezekanavyo kwenda akodi inayofuata. Noti iliyomo katika akodi zote mbili ibaki palepale. Mwalimu wa kwaya amekuwa akikuambia hivyo tangu ulipokuwa darasa la sita.

Kuna mipaka pia, na programu nyingine hazikuonyi ukiivuka. Violini haina noti chini ya G iliyo chini ya C ya kati. Viola inaishia C ya oktava moja chini ya ile ya kati, na chelo C ya oktava moja zaidi. Jifunze mipaka hii kwa kichwa. Msikilizaji haijui, lakini sikio lake hushtuka linaposikia violini ikilia mahali ambapo violini haifiki.

Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote ni hili: chukua wimbo mmoja ambao kwaya yako inauimba kwa sauti nne, uuingize kwenye programu mstari kwa mstari, kila sauti kwenye traki yake. Usiongeze kitu. Utakuwa umeandika kwa nyuzi kwa mara ya kwanza, na utakuwa umeandika vizuri.

## Noti hai

Mstari ukishakuwa sahihi, bado utasikika umekufa mpaka uutie uhai. Hapa kuna kazi nne, na ya kwanza ndiyo kubwa.

Nguvu ndani ya noti. Kinanda kikishapigwa, sauti inafifia na huwezi kuibadilisha. Mpiga violini anaweza kuanza taratibu, akavimba, akarudi. Katika maktaba nyingi za okestra, kuvimba huko kunaongozwa na lile gurudumu la modulesheni. Ukilisukuma juu, sampla inahama polepole kutoka rekodi za upole kwenda rekodi za nguvu. Si sauti tu inayoongezeka, rangi yake pia inabadilika, inakuwa na ukali na mng'ao. Rekodi mstari kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto uongoze gurudumu kana kwamba unaimba. Kwa hakika imba. Pale ambapo sauti yako inataka kupanda, gurudumu lipande. Kama huna gurudumu, chora mstari huo kwa kipanya, lakini usiuchore ulionyooka. Hakuna binadamu anayeshika noti ndefu kwa kiwango kimoja.

Pumzi na upinde. Tarumbeta inapigwa na mtu mwenye mapafu. Ukimpa noti za mfululizo kwa dakika nzima, msikilizaji ataanza kujisikia vibaya bila kujua kwa nini. Weka nafasi ya kuvuta pumzi mwisho wa kila sentensi ya muziki. Kwa nyuzi, kundi zima linaweza kushika noti ndefu sana kwa kupokezana kugeuza upinde, vile vile kwaya inavyopokezana pumzi. Mpiga violini mmoja hawezi. Ukitumia violini ya pekee, mpe mahali pa kugeuza upinde.

Wakati. Programu ina kitufe cha kunyoosha noti zote ziangukie kwenye hesabu kamili. Kwa ngoma za gengetone, kitumie. Kwa nyuzi, kiache. Watu 16 hawaanzi noti kwa wakati mmoja kabisa, na utofauti huo mdogo ndio unaotufanya tusikie kundi. Jambo jingine: rekodi za noti ndefu huchukua muda mfupi kabla ya sauti kukolea, kwa hiyo zikiwekwa kwenye hesabu kamili zinasikika zimechelewa. Sogeza traki hiyo kabla ya hesabu kidogo kidogo, pengine hadi sehemu ya kumi ya sekunde, ili ianze mapema, huku ukisikiliza pamoja na ngoma. Sikio ndilo litakuambia usimame wapi.

Marudio. Ukipiga noti fupi ile ile mara nane na sampla ikacheza rekodi ile ile mara nane, inatoka kama cherehani. Maktaba nzuri hurekodi noti hiyo mara kadhaa na kuzicheza kwa zamu. Kama yako haina, badilisha nguvu ya mguso wa kila noti: ya kwanza 96, ya pili 80, ya tatu 88, na kuendelea bila mpangilio unaotabirika.

*Kwa ufupi:* tawanya akodi kwenye sauti nne. Heshimu mipaka ya kila ala. Vimbisha na kupunguza ndani ya noti. Mpe mpigaji nafasi ya kupumua. Usinyooshe kila kitu.

## Miksi itakayosikilizwa ndani ya matatu

Wimbo wako hautasikilizwa Maida Vale. Utasikilizwa kwenye nganya ya Jogoo Road iliyojaa spika za besi, na kwenye simu iliyowekwa juu ya meza ya kioski. Sehemu hizo mbili zinapingana, na lazima ziridhike zote.

Kwenye matatu, tatizo ni chini. Noti ya chini kabisa ya besi kubwa ina mawimbi 41 kwa sekunde, na kiki, yaani ngoma nzito ya biti nyingi, iko jirani, kwenye 50 au 60. Zikilia pamoja zinameza wimbo. Chagua mmoja awe mwenye nyumba. Katika wimbo wa rap ningeiachia kiki na besi ya mashine, niiondoe besi kubwa kabisa, na chelo ibaki katikati. Katika muziki wa filamu ningefanya kinyume.

Kwenye simu, chini hakuna kabisa. Mstari mzuri wa chelo ulioufanyia kazi usiku kucha unapotea. Suluhisho ni la watunzi wa zamani: urudie mstari huo oktava moja juu, kwa viola au kwa klarineti, kwa sauti ya chini. Anayesikiliza kwa spika kubwa hataitambua nyongeza hiyo. Anayesikiliza kwa simu ataupata mstari.

Kuhusu mwangwi, yaani sauti ya chumba inayobaki baada ya noti kuisha: sampuli nyingi zina mwangwi wa studio ndani yake tayari. Ukiongeza mwingi juu yake, okestra inahamia mwisho wa handaki. Anza bila kuongeza. Mwenye sauti akiingia na akasikika yuko chumba kingine, ongeza mwangwi mfupi mmoja kwa wote, yeye na okestra, ili wakae pamoja.

## Leseni

Maktaba zinazouzwa hukupa ruhusa ya kutumia sauti ndani ya wimbo wako na kuuza wimbo huo bila kulipa tena. Kwa kawaida hazikuruhusu kuziuza sauti zenyewe kama sampuli. Nakala zilizovunjwa, ambazo hupitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyoulinda wimbo wako. Tena kuna hasara ya kikazi: kampuni ya matangazo au ya filamu ikitaka uthibitisho kwamba muziki wako ni safi, utaandika nini? Kukiwa na maktaba za bure zenye ubora wa kutosha, sioni sababu ya kujiingiza huko.

## Sauti ambazo London haikurekodi

Maktaba za Ulaya zimepangwa kwa noti 12 katika oktava, zenye nafasi sawa. Muziki wetu una noti zilizo katikati. Fidla ya taarabu katika vikundi vya Zanzibar kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club, inapita katika robo za toni zilizorithiwa kutoka muziki wa Kiarabu. Orutu ya Waluo, yenye uzi mmoja, huteleza kutoka noti hadi noti, na mteremko wenyewe ndio ladha. Unaweza kuiga kidogo kwa gurudumu la kupinda noti, kwenye ala ya pekee, kwa mkono mwepesi. Lakini kundi la violini la London halitateleza kama orutu, na kulilazimisha ni kuwaharibia wote wawili.

Kinachowezekana ni kurekodi sampuli zako mwenyewe. Decent Sampler ni programu ya bure inayokuruhusu kujenga ala yako. Anza na kayamba: itikise kwa ngazi 4 za nguvu, kila ngazi mara 4, upate rekodi 16. Zipe majina yanayoeleweka, zipakie, uamuru zichezwe kwa zamu. Kayamba haihitaji kimya kama violini, kwa kuwa ni fupi na kali. Chumba chenye godoro ukutani na kabati la nguo lililofunguliwa kitatosha. Ukiizoea hiyo, nenda kwa chivoti, filimbi ya Wadigo, kisha nyatiti yenye nyuzi nane, ukiwa na mpigaji wake. Nina hamu kubwa ya kusikia kundi la nyuzi za Maida Vale chini ya nyatiti iliyorekodiwa Makadara.

## Mpigaji mmoja

Kitu cha mwisho ndicho kinachobadilisha kazi kuliko maktaba yoyote ya bei ghali: weka mpigaji mmoja wa kweli juu ya sampuli. Sikio hufuata mstari wa juu. Violini moja hai, yenye makosa yake madogo na mvuto wake, ikiimba melodia, huwafanya wale 16 wa sampuli walio chini yake waaminike.

Na wapigaji wapo. Korogocho, katika eneo la Kanisa Katoliki la St John's, karibu na jaa la Dandora, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 umekuwa ukifundisha watoto na vijana kupiga nyuzi na ala za kupuliza. Mjini kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyokuwapo tangu 1944, na Nairobi Orchestra, tangu 1947. Kijana wa Kayole anayepanga nyuzi kwenye laptopu na kijana wa Korogocho anayepiga chelo wanatenganishwa na nauli ya matatu tu, na bado wengi hawajawahi kukutana. Hilo linanisikitisha, kwa sababu kila mmoja ana kile ambacho mwenzake anakikosa.

Panga kazi hivi. Maliza mpangilio wote kwa sampuli, pamoja na mstari wa melodia. Toa mstari huo kama faili la midi, ufungue kwenye MuseScore, programu ya bure ya kuandika noti, na uuchapishe kwa maandishi ambayo mpigaji wako anasoma, ukiwa na alama za mahali pa kugeuza upinde. Mtumie pamoja na rekodi siku kadhaa kabla. Omba ukumbi wa kanisa asubuhi ya siku ya kazi, wakati hauna mtu. Dari lake la juu litakupa mwangwi ambao bedsita haina. Weka maikrofoni moja, umbali wa mita moja na nusu hivi, juu kidogo ya ala, na umwombe apige wimbo wote mara tatu bila kusimama. Katika miksi, shusha violini ya kwanza ya sampuli chini yake mpaka ikaribie kupotea. Mlipe siku hiyo hiyo. Na kabla hamjaanza, andikeni kwenye karatasi, kwa sahihi zenu wawili, jina lake litatajwa wapi na atapata sehemu gani wimbo ukiuzwa kwa filamu au tangazo.